Mahali pa Jina la Karani

9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua itakukuta mzima na zile nyufa za miguu zimepoa. Mimi sijambo, isipokuwa mafua. Hapa ofisini wamenikalisha chini ya kiyoyozi kama samaki wa kuhifadhiwa, na nikilalamika naambiwa nivae sweta. Baba vipi? Mwambie nimepata ile miwani aliyoagiza, nitampa dereva wa lori la chumvi pamoja na barua hii. Dereva huyo ni mtu mwema lakini hana haraka ya maisha, kwa hiyo tuvumiliane. Ungekubali kununua simu nyingine tungesemezana kila siku. Najua, najua: tatu zimeshakufa kwa chumvi na ya nne hutaki kuizika.

Shangazi, ukiona nimeandika kurasa mbili ujue nina jambo. Ofisi yetu inatayarisha wasifu wa kila jimbo kabla ya uchaguzi: wapiga kura ni wangapi, wanaishi wapi, wanapata riziki kwa njia gani. Halmashauri hutumia vitabu hivyo kupanga ardhi. Mkuu wangu alipogawa mafaili, la kwetu likaniangukia mimi. Nikafurahi mpaka nikamnunulia chai jirani yangu wa meza. Kisha nikasoma.

Nakunakilia kama lilivyo: "Wapiga kura walioandikishwa 31,412. Kiwanda cha kusindika samaki, kimefungwa. Gati moja. Nyumba za wageni kumi na nne. Ukanda wa kusini: eneo wazi, halina shughuli za kiuchumi. Wanawake watu wazima wa ukanda huo: 143. Wenye kazi: hakuna."

Ukanda wa kusini ndio mashamba yenu ya chumvi. Na kwa kuwa kitabu cha zamani kinasema ni eneo wazi, halmashauri imeshaliombea kibali cha kuweka yadi ya makontena. Mabwawa yote yatafukiwa kwa kifusi. Nimeuona mchoro kwa macho yangu, umepakwa rangi ya kijivu pale mnapokwangulia.

Takwimu hizo ni za hesabu ya watu ya miaka saba iliyopita. Mliulizwa mnafanya kazi gani, mkajibu "nipo tu", na kwenye fomu "nipo tu" huandikwa "hana kazi". Ndivyo ilivyokuwa, na haikuwa kwenu peke yenu.

Dawa ipo. Nimeambatanisha fomu ya pingamizi. Mjaze, kila mmoja atie sahihi au dole, irudi kabla ya tarehe 30 Juni. Fanya hima, Shangazi. Hili si la kusubiri.

Mwanao akupendaye

*

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Mimi mzima, miguu ni ile ile, ukiiona utadhani nimeazima kwa kobe. Baba yako amevaa miwani na sasa anaona kila kitu, hata visivyomhusu. Jana amegundua kwamba ukuta wangu una ufa. Ufa huo una umri wako. Toka kiwanda kilipofungwa mtu aliyezoea kutengeneza majokofu makubwa kama nyumba hana cha kushika, basi anashika maneno. Vaa sweta.

Barua yako nimewasomea wenzangu pale kwenye banda la magunia. Nilipofika kwenye "wenye kazi: hakuna", walicheka mpaka yule tunayemwita Redio akakaa chini kwenye lundo la chumvi. Nilipofika kwenye kifusi hakucheka mtu.

Sasa wewe unayetaka wasifu wa jimbo, chukua kalamu. Mimi nimekula chumvi nyingi, kwa mdomo na kwa nyayo, na sikuongezei hata punje.

Wapiga kura 31,412, sawa. Lakini nusu yao wanalala kwingine, wanarudi siku ya kura na siku ya msiba. Gati moja, kweli, ila upande wa kushoto haupakii kitu tangu nguzo ilipoliwa. Nyumba za wageni kumi na nne: mbili zina wageni, kumi na mbili zina mabango. Kiwanda kimefungwa lakini harufu haijapewa barua ya kuachishwa kazi, kila asubuhi ipo getini. Wagombea huja na fulana na kuahidi kukifungua, wakiondoka sisi tunakwangua chumvi tukiwa na fulana zao. Kilichobaki kinachopakiwa kwenye malori kila wiki bila kukosa ni chumvi. Inakwenda kwa wauza samaki, kwa waoka mikate, kwa viwanda vya ngozi. Maji tunayaingiza wakati wa bamvua, bahari ikijaa kuliko siku zote, bwawa la kwanza, kisha tunayahamisha la pili, la tatu, mpaka la mwisho yanapoganda. Kuna mabwawa thelathini na manane. Mtu anayeyaona na kuandika "eneo wazi" amepita kwa ndege.

Fomu tumejaza. Sahihi sitini na nne, madole sabini na tisa. Mikono yetu ina nyufa, wino unaingia na hautoki, kwa hiyo tunatembea na dole la buluu mtaa mzima kama tumeshapiga kura.

Kuna mahali pamoja tumepaacha, pale palipoandikwa "jina la karani aliyehoji". Hapana umuhimu. Miaka saba ni mingi.

Shangazi yako

*

28 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nashukuru kwa habari, na kwa wasifu. Nimeusoma mara tatu na mara zote nimecheka mwenyewe mpaka wenzangu wakanitazama. Mafua yamekwisha. Nimehama chumba, hiki kina dirisha.

Pingamizi limerudishwa, na si kwa ubaya. Mkuu wangu ni mtu wa utaratibu, anapanga hata penseli kwa urefu. Amesema pasipo jina la karani hawezi kutoa fomu za zamani ghalani, kwa sababu masanduku hayakupangwa kwa maeneo. Yamepangwa kwa majina ya makarani. Na pasipo fomu za zamani hakuna cha kupinga.

Wewe andika tu "hakumbukwi". Kuna kifungu kinachoruhusu, watatafuta sanduku kwa sanduku. Itachukua muda, lakini itafanyika. Neno moja tu, Shangazi, na fomu irudi.

Nawasalimu wote bandani.

Mwanao

*

20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mvua imeanza, mabwawa yamelala, na sisi tumelala nayo. Baba yako amepata kibarua cha kutengeneza friji ya duka la dawa, tangu juzi anatembea kifua mbele kama amejenga meli.

Juma lililopita walikuja watu wa halmashauri na vigingi vyekundu. Wamevichomeka kuanzia bwawa la kumi mpaka baharini. Tuliwauliza ni vya nini, wakasema wametumwa tu. Redio aling'oa kimoja akafungia kamba ya nguo, na mimi kama mwenyekiti wa banda nikamwambia akirudishe, akasema atakirudisha nguo zikikauka. Msimu wa mvua huu, zitakauka lini?

Sikufichi, vile vigingi nilivihesabu mpaka giza likaingia. Nimeingia yale mabwawa nikiwa na miaka kumi na tisa. Nikiambiwa kesho usije, sijui nitaamka niende wapi. Nitakaa nyumbani nitazamane na ufa wa baba yako?

Lakini fomu nakurudishia kama ilivyo. Kuandika "hakumbukwi" siwezi, kwa kuwa nakumbuka. Nakumbuka mpaka viatu alivyovaa huyo karani, vyekundu vya ngozi, vipya, na chumvi ikavila kwa siku mbili. Na jina lake siliandiki. Usinihoji zaidi ya hapo. Ningekuwa mtu wa kuhojika vizuri tusingefika hapa.

Tafuta njia nyingine, wewe ndiye msomi. Na ule vizuri.

Shangazi yako

*

16 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Lori limekuja mara tatu bila barua yako. Nimemuuliza dereva, kasema ulimpa salamu za mdomo: "Mwambie tupo." Hiyo ndiyo salamu gani?

Zimebaki wiki sita. Nakuomba. Kama hutaki kuandika jina, basi niandikie kwa nini hutaki.

Mwanao

*

11 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za mafua wala za dirisha.

Nimejifanya sijui tangu Februari. Niliandika "mliulizwa" kana kwamba mliulizwa na upepo. Viatu vyekundu vilikuwa vyangu. Ulininunulia wewe nilipopata nafasi chuoni, na nilivivaa makusudi kuja kuwahesabu, ili mnione. Nilitumaini wewe na mama zangu wote wa bandani mmesahau, na kumbe hakuna aliyesahau hata mmoja. Watu 143 wameacha mahali pamoja patupu. Nilipoipokea ile fomu nilikwenda msalani nikalia, kisha nikarudi mezani nikawaandikia muongope kwa niaba yangu. Nisamehe kwa hilo hata kabla ya lile lingine.

Lile lingine ni hili. Karani haruhusiwi kuhoji eneo lenye ndugu zake. Tulitia sahihi karatasi. Mwenzangu aliyepangiwa ukanda wa kusini aliugua, msimamizi akauliza nani anapafahamu, nikanyoosha mkono. Akaniuliza kama nina ndugu huko, nikasema sina. Nilisema sina, Shangazi, wewe uliyenilea tangu nina miaka minne. Nilikuwa nayatamani malipo ya zile siku mbili za ziada, na nilitaka mnione na kitambulisho shingoni.

Kisha nikakaa kwenye ndoo mbele yenu, mmesimama kwenye maji mpaka magotini, reki mikononi, nikauliza "Unafanya kazi gani?" Mkajibu "nipo tu", nikaandika "hana kazi". Tulifundishwa tusimwekee mtu maneno mdomoni. Nikatii. Nilikuwa nimesomeshwa kwa chumvi hiyo, kuanzia daftari la kwanza mpaka vile viatu, na nikaandika hana. Nilidhani kazi ni ile yenye meza.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndimi nilikuwa nguoni mwenu.

Leo asubuhi nimechukua nakala ya fomu yenu, nikaandika jina langu pale palipo wazi, kwa herufi kubwa, nikampelekea Mkuu na maelezo ya kurasa mbili. Hakugomba. Alipanga penseli zake upya, zote, kisha akasema, "Utasubiri barua." Nikaona heri uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa mtu mwingine.

Kama umekasirika, kasirika. Ila usininyamazie tena, nakuomba. Kunyamaza kwako kumenishinda.

Mwanao, kama bado

*

19 Juni

Wewe mtoto,

"Kama bado" ndiyo nini? Nimemsimamisha dereva injini ikiwaka ili nikuandikie, anapiga honi na mimi nimemwambia apige mpaka betri ife.

Sijakasirika. Nimekasirika kidogo kwa lile la "muongope kwa niaba yangu", hilo tutazungumza ukija, nitakuvuta sikio na umri huo huo. Mengine yote nilikuwa nayo moyoni miaka saba, hukuniambia kitu kipya; hata hiyo kanuni ya ndugu ilitangazwa mtaani mwaka ule. Na si mimi peke yangu. Redio, mwanamke asiyeweza kuficha hata ndoto zake, ameifunga midomo kwa jambo hili tangu Machi. Amekonda. Jana nilipomwambia kwamba umejitaja mwenyewe alisema "afadhali", akazungumza saa mbili bila kupumua.

Ulidhani nitaandika jina lako kwenye karatasi ya serikali? Nikuchome kwa mkono huu huu niliokufundishia kushika kalamu? Bora kifusi. Nilishakata shauri, na wenzangu wakakubali bila kura. Tulisema mabwawa tutaomba mengine kule ng'ambo ya mkondo, hata kama maji yake ni ya tope, lakini meza ya mtoto ikiondoka haitafutiki. Ndiyo maana nilikunyamazia. Nilijua nikiandika tu, kwa namna yoyote, utaikuta sababu humo.

Sasa sikia upande wangu, ambao na wewe nimekuficha.

Ile siku ya kwanza ulikuja saa sita, jua la kuchoma mawe. Ulikuwa umepauka midomo. Ukamhoji Redio, naye kama kawaida yake akaanza kukueleza tangu babu yake alipochimba bwawa la kwanza, na wewe unaandika, jasho linadondoka juu ya fomu. Nikawafuata wenzangu mmoja mmoja kule nyuma. Nikawaambia: "Jamani, mjibuni kwa mkato. Semeni nipo tu, basi, msimchoshe mtoto, ana watu mia na zaidi." Ndiyo maana wote walijibu neno moja kama wamefundishwa. Walifundishwa! Hata Redio alifuta hadithi yake akasema yupo tu.

Miaka saba nimelala na hilo. Ulidhani ni wewe, na ulikuwa wewe, lakini na mimi nilikuwepo, nimesimama kukukinga jua.

Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Wenye kusema hivyo hawajafika kwetu. Sisi tunayamwaga kila bamvua kwa makusudi, na tunazoa. Usilie tena msalani, lia mahali penye kiti.

Dereva amezima injini, amekata tamaa. Nakutumia na kifurushi cha chumvi, usigawe ofisini.

Shangazi yako, bado na tena bado

*

30 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye kiti, kama ulivyoagiza. Sikujua kwamba mtu anaweza kucheka na kulia kwa pua moja.

Barua ya Mkuu imefika. Sikufukuzwa. Nimeondolewa kwenye wasifu wa majimbo na nimepelekwa ghalani, kwenye masanduku, miaka miwili, nayapanga upya kwa maeneo badala ya majina. Mkuu alisema hivi ndivyo yalivyopaswa kupangwa tangu mwanzo. Nadhani kwa tabia yake hiyo ni pole. Kuna vumbi lakini hakuna kiyoyozi.

Pingamizi limepokelewa. Kikao cha kusikiliza ni tarehe 14 Agosti, ukumbi wa halmashauri, saa nne. Maelezo yangu yatasomwa mbele ya watu wote. Mimi nimekatazwa kufika kwa kuwa ni mhusika. Mseme ukweli wenu na mseme kwa urefu. Safari hii msimhurumie mtu.

Naogopa. Nikisikia kifusi kimepita hata baada ya yote haya, sijui nitajiangaliaje.

Mwanao wa ghalani

*

17 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Usipekue mbele, soma kwa mpangilio, ndivyo nilivyoandika.

Tulikwenda wote, pamoja na baba yako aliyevaa suti yake ya harusi. Ukumbi ulikuwa na viti sitini. Wengine tulisimama ukutani, hatukuona tabu, kusimama ndiko tulikozoea. Mbele kulikuwa na mwenyekiti wa kikao, bwana mmoja mpole mwenye sauti ya kichovu, na watu wa halmashauri na mchoro wao wa kijivu.

Karani wa kikao akasoma maelezo yako. Aliposoma "nilidhani kazi ni ile yenye meza", nilimtazama baba yako. Alivua miwani akaanza kuifuta, akaifuta mpaka mwisho wa kikao. Mtu wa halmashauri akainuka akasema maelezo hayo ni ya mtu aliyevunja kanuni na ana ndugu zake humu, hayafai kuaminiwa. Nikanyoosha mkono.

Nikasema: "Mheshimiwa, kama mnatafuta mkosaji, msimtafute peke yake, mimi ndiye niliyewaambia watu wajibu kwa mkato." Nikaeleza yote, jua, jasho, Redio na babu yake. Mwenyekiti akaniuliza, "Mama, kwa nini ulifanya hivyo?" Nikasema, "Alikuwa na kiu."

Bwana yule aliinama kidogo. Kisha akauliza kama kuna mwingine wa kusema. Ungekuwepo! Redio alipewa dakika tatu akatumia arobaini. Alianza na babu yake na safari hii hakuna aliyemkatiza. Alivua kiatu akaweka mguu juu ya kiti cha mbele ili mwenyekiti aone kisigino, akamwambia, "Hiki ndicho cheti changu cha kazi, kisome." Mwingine akataja kila lori, siku na dereva wake, kwa miaka sita, bila karatasi. Mwingine alimwaga chumvi mezani, juu ya mchoro, akarudi kusimama.

Wakaahirisha kwa saa moja. Nilikaa nje kwenye ngazi, nikamwambia baba yako kama yakipita haya ya kifusi, angalau tumesema. Alinishika bega.

Wakarudi. Ukanda wa kusini umeondolewa kwenye maeneo wazi. Yadi watatafuta kwingine. Wasifu wa jimbo hautachapwa mpaka tuhesabiwe upya, na karani atakayekuja asiwe na ndugu hata wa kuazima.

Mabwawa yamebaki, mwanangu. Tulitoka pale hatukupiga hata vigelegele, tulikwenda moja kwa moja kazini, kwa sababu bamvua ilikuwa jioni ile ile na maji hayangojei. Tuliyafungulia tukiwa na nguo za kikao. Suti ya baba yako imekwisha.

Shangazi yako

*

6 Oktoba

Mwanangu,

Hujambo na vumbi lako? Barua yako ya mwezi uliopita nimeipata, na baba yako ameibandika ile picha ya masanduku juu ya ufa. Sasa ufa hauonekani na hana cha kusema.

Karani mpya amekuja. Mwanamume mtu mzima, mpole, anatoka mbali, hata lafudhi yake tunaisikia kwa shida. Alidhani atamaliza kwa siku mbili. Amekaa tisa. Tulimpa kofia, maji ya kunywa na kiti chenye mgongo, kisha tukamweleza. Kila mmoja alieleza kazi yake tangu kufungua lango la maji mpaka kushona gunia, na akijaribu kuandika kifupi tunamwomba asome alichoandika. Redio peke yake amekula siku moja na nusu. Maskini ya Mungu, aliomba karatasi za ziada kutoka wilayani.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikamjibu la kazi, akaandika mistari minne, nikaridhika. Akafungua ukurasa wa pili. Akauliza, "Mama, una watoto wangapi?"

Safari ile uliniuliza wewe. Huenda hukumbuki, ulikuwa umechoka. Nilijibu sina, nawe ukaandika hana, tukaendelea. Nilijibu hivyo kwa kuwa muulizaji ulikuwa wewe mwenyewe, umekaa mbele yangu na kitambulisho, na niliona haya kukutamkia usoni. Nilihofu utainua macho uniambie, "Lakini Shangazi, wewe hukunizaa."

Huyu nimemwambia mmoja. Akauliza yuko wapi, nikamwambia yuko ghalani, anapanga masanduku ya serikali. Akaandika. Nikamwomba asome alichoandika, akasoma. Nikamwomba asome tena.